Mhafidhina wa Bula Pesa

Alisi alinipigia simu nikiwa nakaanga nyirinyiri, na kwa kuwa nyama ile ikishaanza kukauka haitaki mtu ageuze shingo, nilimwambia asubiri, nikapunguza moto, ndipo nikamrudia. Hatukuwahi kuzungumza kabla ya siku hiyo. Akasema yeye ni binti wa Gerald, nami nikabaki nimeshika mwiko nikijiuliza Gerald ni nani, maana hapa Isiolo hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Sisi tulimwita Jerodi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka ule aliokaa kwetu tulimwita Sheikh Jerodi, na hilo ndilo nataka kulieleza. Baba yake amefariki, akasema, katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko kwao Uingereza. Mwisho mwisho alikuwa amesahau kila kitu: ubunge wake, chama chake, hata jina la binti yake mwenyewe. Kilichobaki ni maneno fulani aliyoyasema kutwa nzima, yale yale, kwa mpango ule ule, kwa sauti ya mtu anayesoma. Wauguzi walidhani ni sala. Alisi alikuwa amemrekodi kwa simu, na namba yangu aliitafuta kwa watu mpaka akaipata. Je, naweza kumwambia ni lugha gani, na ni sala ya nini? Nikamwambia tuma. Nikamaliza nyama yangu, nikaifunika kwa mafuta yake, nikaosha mikono, nikakaa kwenye kigoda nikasikiliza. Kisha nikaweka simu chini, nikalia, mimi ambaye watu hunijua kwa ulimi mkali na si kwa machozi.

Mwaka ule lami ilikuwa bado inaishia hapa mjini; mbele yake ni vumbi tu mpaka Moyale. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimeachika. Mume wangu wa Garissa alinipa talaka kabla hatujamaliza mwaka, sababu anazijua mwenyewe, nikarudi kwa shangazi Hawo na sanduku moja na flaski ya chai. Shangazi alikuwa akiuza maziwa ya ngamia pale karibu na soko, mwanamke wa kazi nyingi na maneno machache, na mimi alinipa chumba kilichotenganishwa na sebule kwa pazia. Nyuma ya pazia hilo niliyasikia yote. Wageni wake walikuja jioni, wakakaa mkekani, wakanywa chai yenye tangawizi, na chai ilipofika kikombe cha pili nilijua zamu yangu imefika. "Bado yuko?" mmoja angeuliza. "Yuko." "Maskini. Na vile amekonda." Walishusha sauti kiasi cha kuonyesha kwamba wameishusha, si kiasi cha mimi kutosikia. Kula nilikula baada ya wao kuondoka. Hakuna aliyenikataza kukaa nao, ila nilipotoka nyuma ya pazia mazungumzo yalikatika ghafla na mtu akaanza kusifia sambusa. Nilikuwa mpweke katikati ya nyumba iliyojaa watu, na leo bado nadhani huo ndio upweke mbaya kuliko wote, kwa sababu huwezi hata kulalamika kwamba uko peke yako.

Ndipo mwenye hoteli moja akamwambia shangazi kwamba kuna mzungu mzee amekodi nyumba mtaa wa Bula Pesa na anatafuta mtu wa kumpikia na kumtafsiria. Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Ni kitu pekee nilichotoka nacho shuleni ambacho hakuna aliyeweza kuninyang'anya kwa talaka. Nikaenda. Nikamkuta mtu mrefu, amevaa koti katika joto lile, amekaa kwenye meza iliyo na viti viwili vya plastiki. Kimoja alikikalia. Cha pili kilikuwa bado na karatasi ya dukani. Alisimama nilipoingia, akaniita madam, nikadhani ananicheka. Aliniambia habari zake siku hiyo hiyo kana kwamba naenda kumpigia kura: kwamba amekuwa mbunge kwao miaka mingi, mtu wa chama cha Conservative, kwamba aliwahi kuwa naibu waziri kwa muda mfupi na hakuupenda, kwamba wapiga kura wake walikuwa wamemtoa, na kwamba miezi michache baadaye mkewe naye alikufa. Mke huyo alikulia hapa Isiolo wakati baba yake alikuwa daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, na maisha yake yote alikuwa akisema habari za mji huu. Jerodi alikuwa amekuja kwa wiki tatu, auone. Akakaa karibu mwaka. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema huko nyumbani simu ilikuwa imenyamaza. Nilimwangalia yeye, nikaangalia kile kiti cha pili, nikafikiria lile pazia la shangazi. Sote wawili tulikuwa tumerudishwa.

Sasa neno lenyewe. Ijumaa ya kwanza tulikuwa tunatoka sokoni, tukapita mbele ya msikiti wakati wanaume wanatoka kuswali, na Maalim Guyo akatusimamisha. Maalim alikuwa Mborana, mwalimu wa madrasa, mtu mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, na mtaa mzima ulimheshimu kwa sababu hakuwa na papara. Akanisalimia, akasema, "Shukri, hii mzee yako, yeye ni mtu ya nini kwao?" Nikasema alikuwa mbunge. "Mbunge ya chama gani?" Mimi nilikuwa msikilizaji wa redio. Nyuma ya pazia nilikuwa na redio ndogo, na idhaa ya Kiswahili kutoka ng'ambo ilikuwa na neno lake rasmi la watu wa chama kile. Nikalitoa, nikijivuna kidogo: "Yeye ni mhafidhina." Nikaona wanaume wanaangaliana. Maalim akarudia polepole, "Mhafidhina. Yaani amehifadhi?" Sikuona shida yoyote. Nikamgeukia Jerodi nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa neno lile la chama chake, kama amehifadhi. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Maisha yangu yote." Nikawatafsiria. Maalim akauliza, "Yote?" Nikamuuliza Jerodi kama ni yote. Akatikisa kichwa: "Kadiri walivyoniruhusu." Nikawaambia hivyo hivyo, neno kwa neno, na mzee mmoja nyuma akasema kwa huzuni, "Kumbe walimkataza." Mwingine akauliza kama ni kwa sababu hiyo walimtoa bungeni. Jerodi akasema kwa namna fulani, ndiyo.

Msomaji Mwislamu ameshacheka. Asiye Mwislamu nitamwambia: kwetu, mtu aliyehifadhi ni hafidh, mwenye Qurani nzima kichwani, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna cheo mtaani kinachopita hicho. Redio iliposema wahafidhina wameshinda au wahafidhina wameshindwa, mimi nilisikia habari za Uingereza. Bula Pesa ilisikia kitu kingine kabisa. Kufikia Ijumaa iliyofuata ilikuwa inajulikana mpaka soko la mifugo kwamba yule mzungu ni hafidh wa siri, aliyeficha dini yake ndani ya serikali ya makafiri mpaka wakamgundua wakamfukuza.

Mimi sikujua. Nitaapa kwa lolote. Niliona tu kwamba watu wamekuwa wema. Walipoanza kumwita Sheikh Jerodi nilidhani ni heshima ya umri, nami nikamwita hivyo. Watoto walimpigia salaam aleikum kutoka mbali, naye akajifunza kujibu waaleikum salaam, mkono kifuani. Muuza miraa alimpa kiti. Wazee walianza kuja jioni kumtembelea, na kile kiti cha pili kikatolewa karatasi, kisha vikaazimwa vingine, kisha mkeka. Nilipika anjera nikiwa na furaha. Walikaa naye bila maneno mengi, kwa sababu mbele ya mtu wa namna ile huongei ovyo, naye akadhani ndiyo adabu ya hapa. Walimuuliza mambo ambayo niliyaona ya kawaida: alianza akiwa na umri gani? Akasema alianza akiwa mwanafunzi. Ni nani alimfundisha? Baba yake, ambaye naye alikuwa mhafidhina. Mashaallah, wakasema. Jerodi alinenepa. Aliacha kuvaa koti. Siku moja akiwa anakunywa chai yake alisema, akiangalia nje, "Shukri, watu wangu walinijua miaka mingi na hawakuniaga. Hawa hawanijui na wanakuja kila siku." Nilifurahi kwa ajili yake, na niliona wivu pia, kwa sababu mimi hakuna aliyekuja kunitembelea.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Binamu yangu, mtoto wa Hawo, alikuwa amenyimwa viza ya Uingereza mwaka huo huo, na nilipolitaja hilo mezani Jerodi aliweka kijiko chini. Akaniambia wazi kwamba kama kuna jambo lililompa jina bungeni ni hilo. Alisimama mara nyingi akadai milango ifungwe zaidi. "Niliwaambia watu kwamba wageni wakizidi hatutajuana tena majirani." Nikamwambia, "Na wewe hapa ni nani?" Akasema, "Mgeni." Nikamuuliza, "Na majirani zako wa kule, mnajuana?" Akachukua kijiko chake tena. Nilikuwa na hasira, na sikumpikia chajio siku hiyo; alikula ndizi. Kesho yake hakuomba msamaha na mimi sikuutaka. Lakini alimwandikia mtu kuhusu binamu yangu, na mtu huyo hakumjibu, ndipo nikaelewa jinsi alivyokuwa ameisha huko kwao.

Ramadhani ilipokaribia, Maalim Guyo alikuja mwenyewe, mchana, akakataa chai. Yule hafidh anayekuja kila mwaka kuswalisha tarawehe, swala za usiku ambazo Qurani nzima husomwa, alikuwa mgonjwa, hawezi kusafiri. Wazee wameketi. Wameona ni aibu kutafuta mtu Garissa wakati Mungu amewaletea mtu mlangoni. "Ambia Sheikh," akasema, "sisi tunaomba yeye. Na kama anaogopa watu yao, mwambie hapa hakuna mtu atamgusa." Mambo yote ya miezi ile yalirudi mara moja, kila swali na kila jibu, na kila moja nilikuwa nimelitafsiri sawasawa. Maalim aliniona usoni. Akasema tu atarudi kesho baada ya alasiri, akaenda zake.

Jambo lililonitisha halikuwa mimi, ingawa nilijua watakavyosema: mwanamke aliyeachika amewachezea wazee. Lililonitisha ni kile kiti. Huyu mzee alikuwa amepata watu, na walikuwa wamekuja kwa ajili ya mtu mwingine ambaye hayupo. Nilifikiria kunyamaza, nimwambie Maalim kwamba Sheikh anaumwa koo. Kisha nikaona mwezi mzima wa koo, nikaingia ndani nikamwambia Jerodi yote, kuanzia neno la redio. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwanzo aliona kichekesho, nikaona mdomo unataka kucheka, halafu ukaacha. "Kwa hiyo hawakunipenda mimi," akasema. Nikamwambia hapana, hawakukupenda wewe. Sikujua kusema uongo wa kufariji wakati ule na hata sasa sijui. Alikaa pale mpaka chai yake ikaweka utando juu. Kisha akasema ataenda mwenyewe.

Kesho yake baada ya alasiri alikaa kwenye mkeka nje ya msikiti, magoti yake marefu yakimsumbua, na mimi nikasimama kando kama mkalimani. Akasema hajui hata aya moja. Akasema yeye ni Mkristo wa Krismasi tu. Akasema neno lililowapotosha ni neno zuri na binti huyu hana kosa. Mzee mmoja aliinuka akachukua bakora yake akaondoka, na wawili wakamfuata, na leo siwalaumu. Maalim Guyo alibaki, na wachache pamoja naye. Akafikiri, akasema, "Sasa muulize. Mtu ameishi miaka hiyo yote. Yeye kwa kichwa yake amehifadhi nini?"

Nilipotafsiri, Jerodi alifunga macho. Akaanza kusema majina. Ostlebury, Little Harnage, Great Harnage, Fennick Cross. Vilikuwa vijiji vya jimbo lake, kwa mpangilio aliokuwa akivitembea kwa miguu kila wakati wa kura, mlango kwa mlango. Na ndani ya kila kijiji majina ya njia, na kwenye baadhi ya njia majina ya watu. Wazee walisikiliza vile wanavyosikiliza msomaji, vichwa chini. Alikwenda hivyo muda mrefu, na sauti yake ilikuwa imara, mpaka mahali fulani akakwama. Akarudi nyuma kijiji kimoja, akaja tena, akakwama pale pale. Nikaona vidole vya Maalim vinacheza juu ya goti. Kwetu, anayesikiliza hifdhi humpa msomaji neno lililomtoka. Ndiyo kazi ya kukaa mbele yake, na mwalimu hawezi kuona mtu amekwama akanyamaza. Lakini neno lile hakuna kati yetu aliyekuwa nalo. Jerodi alifungua macho akatuangalia mmoja mmoja, akangoja kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza, "Samahani, hapo ndipo mwisho." Maalim akaniambia, "Mwambie, hiyo ni kitu kibaya sana, kuhifadhi mahali hakuna mtu wa kukushika mkono." Nilitafsiri vibaya kidogo.

Baada ya hapo mambo yalipungua, kama nilivyoogopa. Watoto waliacha salamu ya mbali. Mkeka ulirudishwa kwa wenyewe. Nyumba ya Maalim peke yake iliendelea kuleta sahani ya futari kila magharibi, na Jerodi akajifunza kwamba sahani hairudishwi tupu, akairudisha na machungwa. Nilidhani atafunga mizigo. Badala yake asubuhi moja alinisubiri langoni akasema anataka nimfundishe barabara. Barabara gani? Hii, kutoka hapa mpaka kwa maziwa. Anataka jina la kila mwenye mlango. "Nilikuwa nimekaa nikingoja waje," akasema. "Huko kwetu nilikuwa nakwenda."

Basi kila asubuhi tukatembea. Yeye mbele, mimi hatua chache nyuma, na kwenye kila mlango alisimama, akatoa salamu kwa jina. Lango. Halima wa mkaa. Ekai wa baiskeli. Abdirahman wa nguo. Mwanzo walimjibu kwa shingo upande. Kisha ikawa mchezo wa mtaa: wakaanza kumngoja waone kama atawakosa, na akikwama wakampa neno, hata wale waliokuwa wamekasirika. Mahali pamoja alikwama kila siku ya Mungu. Kulikuwa na kinu cha posho cha mama mmoja Mmeru, Nkirote, na ulimi wa Jerodi haukuweza kuanza jina lenye n na k zimekaa pamoja hivyo. Alifika pale, akasimama mbele ya mama huyo mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nkirote alikuwa akimwangalia kwa makusudi bila kumsaidia. Ilibidi mimi niseme kutoka nyuma, "Nkirote," ndipo aendelee. Baada ya kinu kulikuwa na Bishar wa vyuma, kisha akina mama wa maziwa, kisha shangazi yangu mwisho wa safu. Hapo mimi nilichukua kibuyu cha maziwa ya nyumba ya Jerodi, naye akamalizia, kwa sauti ya mtu anayefunga kitabu, "Hawo. Shukri. Basi." Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi. Jioni ya siku aliyocheka, wageni wake walipokuja, alifungua pazia akaniambia niache kujificha nikae, kwa sababu anataka niwaelezee mzungu alivyofanya mbele ya kinu. Nikakaa. Chai ikafika kikombe cha pili na nilikuwa bado nimekaa.

Aliondoka baada ya Idi. Aliniandikia mara chache, kisha akaacha, na mimi nikaolewa, nikazaa, nikazika, nikazeeka kiasi. Kinu kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Maalim Guyo hayupo, shangazi Hawo hayupo, na Nkirote alirudi kwao Meru sijui mwaka gani. Ukinisimamisha leo hapo langoni ukaniambia nikutajie milango ile, nitakutajia yote, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilimpigia Alisi jioni nikamwambia si sala. Nikamwambia ni barabara moja hapa kwetu, kilomita haijai. Akauliza, "Na mbona anakatika? Kila mara anafika mahali, anangoja, halafu anaanza upya." Wauguzi walikuwa wamemwambia anaweza kungoja hivyo muda mrefu, macho mlangoni, kana kwamba kuna mtu anakuja. Nikamwambia kuna jina moja hapo lilikuwa likimshinda. Sikuweza kumwambia zaidi kwa siku hiyo.

Alipokata simu niliichezesha tena ile rekodi. Jikoni hakukuwa na mtu. Watoto wangu wako Nairobi. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini mpangilio ulikuwa sawasawa. Lango. Halima wa mkaa. Ekai wa baiskeli. Abdirahman wa nguo. Akanyamaza. Nikasikia pumzi yake, na kitanda kikilia kidogo.

"Nkirote," nikamwambia.

Akarudi langoni. Nikamwacha aende, na alipofika tena pale akanyamaza nilisimamisha rekodi, nikamalizia mimi. Bishar wa vyuma. Akina mama wa maziwa. Hawo. Shukri. Basi.